Wekundu Upi

Nkwabi amezipanga kwenye meza ya mizani,
kati ya ndoo ya asali na daftari la madeni:
leza, ndogo kama kidole gumba cha mtoto,
na kioo chenye nukta, kama dirisha la kibanda cha njiwa.
"Chagua, Mama Shija. Kibali cha bastola unacho.
Sasa ipe jicho."

Mimi nina macho mawili na yote yamechoka.
Miaka ishirini na sita nayasomesha namba za mizani,
umeme ukiwepo, umeme usipokuwepo.
Daktari wa Kitete aliniambia
mboni yangu imepinda kidogo, kama sahani iliyokaliwa.
Basi nikichungulia kwenye kile kioo
nukta haiwi nukta: inakuwa nyanya iliyopondwa,
inakuwa buibui wa miguu mitano.
"Punguza mwanga wake," anasema Nkwabi. Napunguza.
Buibui anabaki, ila amekonda.

Leza haina taabu hiyo.
Haidai miwani, haidai mkono uinuke hadi usoni.
Unaielekeza tu, inakwenda yenyewe kuketi kwenye gunia.
Ila tulipotoka uani, saa sita,
jua la Tabora likaimeza.
Niliitafuta ukutani kama sindano mchangani.
Nkwabi akacheka: "Wezi hawaji saa sita, Mama."
Nikamwambia wangu walikuja saa saba na nusu,
Ijumaa, mtaa mzima wa Kanyenye uko msikitini,
na mmoja amevaa koti la mvua, kiangazi kile.
Walichukua fedha za ndoo mia mbili za asali ya Sikonge.
Pete ya marehemu Masele ilikataa kutoka kidoleni.
Wakanipaka sabuni, sabuni yangu mwenyewe, ya dukani.
Ikateleza.

Nkwabi akaacha kucheka.
Miaka kumi na minane jeshini, lakini alilosema
lilikuwa fupi:
"Nukta ya kioo unaiona wewe peke yako.
Leza, anaiona na yeye."
Mtu akiona wekundu kifuani pake, alisema,
huenda akasahau alichokuja kuchukua.
Au (hapa alishusha sauti, akawa anafuta meza
isiyo na vumbi) anaufuata kama uzi
hadi kwenye mkono ulioushika.

Usiku nikabaki nazo.
Risasi nimezitoa, nimezihesabu mezani mara tatu:
nane, nane, nane. Chemba tupu.
Nikawasha leza gizani.
Sikujua kama natetemeka
hadi nilipoona ukuta unatetemeka.
Kile kidoa kikapanda magunia ya nta,
kikalamba ndoo, kikavuka kalenda ya chama cha ushirika,
kikaenda kusimama
kwenye shati la shule la Limbu, mjukuu wangu,
limetundikwa msumarini, limepigwa pasi.
Mfuko wa kushoto. Kalamu imo.

Nikazima.
Nikakaa hapohapo, nasikiliza treni ya Mpanda
ikipiga honi, ikichelewa kuondoka.

Asubuhi nikamrudishia leza. Si kwa ubaya wake.
Imenionyesha nilichostahili kuonyeshwa, yatosha.
Nimechukua kioo pamoja na buibui wake,
na miadi ya Kitete, Jumatano, mboni itafutiwe miwani.
Nkwabi ameagiza niinyanyue mara hamsini kila siku, tupu,
macho yote mawili wazi,
nisiitafute nukta, niisubiri inijie.
Nanyanyua. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu.
Bega linauma upande uleule wa kubebea ndoo.
Betri yake, anasema, itadumu miaka minne.
Sikumuuliza kuhusu yangu.

Shati nimelihamishia chumba cha ndani,
msumari nimeung'oa kwa koleo.
Ukutani limebaki tundu, dogo, jeusi,
na kila nikipita na ndoo zangu
macho haya mabovu yanalipata palepale,
bila kioo.